Aliyevua na Aliyevaa

Mwaka 1917 Mohandas Gandhi alikuwa Champaran, katika jimbo la Bihar, akichukua maelezo ya wakulima waliolazimishwa kutenga sehemu ya mashamba yao kwa ajili ya nili ya walowezi wa Kizungu. Wakati uchunguzi ukiendelea, watu wake walifungua shule vijijini na kuhimiza usafi. Katika kijiji kimoja kidogo jirani na Bhitiharva aliwaona wanawake wenye nguo chafu kupita kiasi, akamtuma mkewe, Kasturba, akawaulize kwa nini hawafui. Mmoja wao alimchukua Kasturba hadi kibandani mwake, akamwonyesha kuwa humo hamna sanduku wala kabati. Sari aliyoivaa ndiyo hiyo hiyo. Akiifua, akae na nini? Akamwagiza amwambie Mahatma, yaani Gandhi, ampatie sari ya pili, naye ataoga na kubadili kila siku.

Kisa hiki amekiandika Gandhi mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, na tangu hapo kimerudiwa mara nyingi kuonyesha ufukara wa India ya wakati ule. Mimi huwa nakwama kwenye ombi. Yule mama hakutaka kiongozi wake naye abaki na nguo moja. Alitaka sari. Ukilishika ombi hilo vizuri unapata njia ya kuwasoma wakubwa waliopigania uhuru wa nchi ile bila kuwapanga safu moja kama picha za ukutani: Gandhi aliyevua, Bhimrao Ambedkar aliyevaa, na Abdul Ghaffar Khan aliyetia rangi kile alichokuwa nacho. Kila mmoja alitoka katika mapokeo yaliyomfundisha mwili wa kiongozi uonekaneje mbele za watu, na mapokeo hayo hayapatani kwa urahisi.

Gandhi hakuzaliwa na shuka. Baba yake alikuwa diwani, yaani waziri mkuu, wa Porbandar, dola dogo la pwani ya Gujarat. Mwaka 1888 kijana huyo alipopanda meli kwenda London kusoma sheria, hofu yake kubwa ilikuwa kuonekana mshamba. Alijiwekea suti ya flana nyeupe ya kuteremkia. Akashuka Southampton mwisho wa Septemba, baridi imeanza kubisha, akajikuta ni yeye peke yake aliyevaa nyeupe bandari nzima. Kilichofuata ni miezi ya kujirekebisha: kofia ndefu ya shilingi 19, suti ya jioni ya pauni 10 iliyoshonwa Bond Street, mkufu wa saa wa dhahabu aliomwomba kaka yake amtumie, dakika kumi kila siku mbele ya kioo akipigana na tai na nywele. Alijaribu kucheza dansi, alinunua fidla. Uzeeni aliyasimulia haya kwa kujicheka, ila kwa usahihi wa mtu ambaye bado anaziona risiti.

Safari ya kutoka suti hiyo hadi kitambaa cha kiunoni ilichukua zaidi ya miaka 30, na haikuwa ya mteremko mmoja. Durban, mwaka 1893, hakimu alimwamuru avue kilemba mahakamani, akakataa na kutoka. Mwaka 1913 vibarua wa Kihindi wa Natal walipogoma na baadhi yao kupigwa risasi, alinyoa kichwa na kuvaa kama kibarua wa mkataba, kwa maombolezo. Aliporudi India Januari 1915 alishuka Bombay katika mavazi ya Kathiawar, kwao, na kilemba kikubwa juu. Hatua ya mwisho aliichukua Madurai, kusini, tarehe 22 Septemba 1921. Alikuwa akizunguka nchi akiwataka watu wachome nguo za viwanda vya Uingereza na wavae khadi, kitambaa kinachofumwa kwa uzi uliosokotwa kwa mkono. Maskini wakamjibu kwamba khadi ni ghali, hawaimudu. Jibu lake lilikuwa la hesabu zaidi ya la ibada: kama kitambaa hakitoshi, basi ataonyesha kuwa mtu anaweza kusitirika kwa kipande kidogo. Akatoka nyumba ya Barabara ya West Masi kifua wazi, amepiga winda fupi. Mwanzoni aliahidi kufanya hivyo kwa majuma machache tu.

Si wote waliokubali. Rabindranath Tagore, ambaye hakuna awezaye kumwita kibaraka wa viwanda vya Manchester, aliandika mwaka huohuo kupinga kuchoma nguo katika nchi ambayo watu wanatembea uchi. Hoja yake kwa ufupi: nguo hizo si zangu mimi kuzichoma, ni za wale wanaozihitaji. Ukimweka yule mama wa Bihar katikati ya wazee hawa wawili, sioni shida kujua angesimama upande gani.

Hata hivyo kitambaa kile kilifanya kazi ambayo hotuba haziwezi. Mwaka 1931 Gandhi alikwenda London kwenye Mkutano wa Meza ya Duara, akafikia Kingsley Hall katika mitaa ya makabwela ya mashariki, na Novemba akanywa chai na mfalme George wa Tano ndani ya kasri la Buckingham akiwa vilevile, miguu mitupu ndani ya makubazi. Septemba alikuwa amekwenda Lancashire, kwa wafanyakazi wa viwanda vya nguo ambao mgomo wake dhidi ya bidhaa za Uingereza ulikuwa umewaongezea ukosefu wa kazi. Picha iliyopigwa Darwen inawaonyesha akina mama wa kiwandani wamemzunguka, mikono juu, wakimshangilia mtu aliyewaharibia soko. Winston Churchill, aliyekuwa amekwisha kumdhihaki miezi michache kabla kwa kumwita fakiri nusu uchi, alikuwa ameona kitu halisi. Fakiri ni mtu wa hatari kwa dola, maana dola haina cha kumnyang'anya.

Hapo ndipo mapokeo yanapoingia. Katika maisha ya Kihindu na ya Kijaini aliyokulia Gandhi, mwenye mali anayeiacha hupanda daraja badala ya kushuka. Sanyasi anayeondoka nyumbani na bakuli mkononi husujudiwa na wale aliowaachia nyumba. Waswahili tuna mafakiri na mawalii wetu, hatuhitaji kufundishwa jambo hilo. Lakini mapokeo haya yana sharti lake: kuacha hupimwa kwa ukubwa wa kilichoachwa. Ndiyo maana India nzima iliamini kwa muda mrefu kwamba nguo za familia ya Jawaharlal Nehru zilikuwa zikipelekwa Paris kila juma kufuliwa. Nehru mwenyewe alikanusha uvumi huo katika kitabu chake cha maisha, akiuona ni upuuzi, na bado ukaendelea. Watu waliupenda kwa kuwa ulimpa mwana wa wakili tajiri wa Allahabad kitu kikubwa cha kukiacha alipoingia jela. Na husimuliwa kwamba Sarojini Naidu, mshairi na rais wa chama cha Congress mwaka 1925, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa Mombasa akiongoza mkutano mkuu wa Wahindi wa Afrika Mashariki, alimtania Gandhi kwamba kumweka katika umaskini kunagharimu fedha nyingi. Alikuwa rafiki yake wa kweli. Utani wa namna hiyo hufanywa na aliye karibu.

Sasa mchukue mtu asiye na cha kuacha.

Bhimrao Ambedkar alizaliwa Aprili 1891 huko Mhow, katika familia ya Wamahar, mojawapo ya jamii zilizohesabiwa kuwa hazifai kuguswa. Baba yake alikuwa subedari katika jeshi la Waingereza, cheo cha juu kwa askari Mhindi, kwa hiyo nyumba haikukosa chakula wala vitabu. Shuleni Satara mtoto huyo alikalia gunia alilotoka nalo nyumbani, akitengwa na wenzake, na kiu ikimbana alisubiri tarishi wa shule ammiminie maji kutoka juu ili asiuguse mtungi. Tarishi asipokuwepo, hakuna maji.

Kisa cha utoto wake ninachotaka tukitazame kwa karibu kilitokea mwaka 1901, naye amekiandika. Baba yake alikuwa akifanya kazi Koregaon, akawaita watoto waje likizo. Yeye, kaka yake na wapwa zao walishonewa nguo za safari: mashati ya kitambaa cha Uingereza, kofia zinazometameta, viatu vipya, dhoti (shuka za kujifunga kiunoni) zenye pindo la hariri. Wakateremka stesheni ya Masur, wakasubiri. Barua ya kumjulisha baba haikuwa imemfikia, hakuna aliyekuja kuwapokea. Mkuu wa stesheni akawakaribia kwa upole, akawauliza wao ni akina nani. Kwa mavazi yao na usemi wao alikuwa na hakika ni watoto wa Kibrahmini, tabaka la juu kabisa. Bhim akajibu bila kufikiri: sisi ni Wamahar. Uso wa yule bwana ukageuka pale pale. Akarudi ofisini kwake, na ilichukua muda kabla hajatoka tena. Wenye magari ya ng'ombe walikuwa tele nje, ila hakuna aliyekubali kuwapakia hata kwa malipo makubwa, mpaka ukapatikana mpango: walipe maradufu, waendeshe wenyewe, na mwenye gari atembee kwa miguu pembeni. Usiku wakafika kwenye nyumba ya kutoza ushuru wa barabara, na hawakupewa maji ya kunywa.

Kisa cha Bihar kilihusu mtu asiye na nguo. Hiki cha Masur kinahusu watoto waliovaa vizuri kuliko mkuu wa stesheni. Nguo ziliwafikisha mahali fulani, kwa dakika kadhaa waliheshimiwa kama watu, halafu neno moja likazivua zote. Ambedkar hakutoka hapo na somo kwamba nguo ni bure. Alitoka na kinyume chake, na alikishikilia maisha yake yote: kama jamii inalazimika kuuliza jina lako ndipo ikudharau, tayari umeinyima kazi rahisi. Asijue kwa kukutazama tu.

Aliendelea kuijaribu hoja hiyo kwa mwili wake. Alisoma Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kuanzia 1913 kwa msaada wa mtawala wa Baroda, kisha London, na mwaka 1917 akarudi Baroda kutumikia deni la masomo. Hakuna hoteli ya Wahindu iliyokubali kumpokea, basi akapanga katika nyumba ya wageni ya Waparsi kwa jina la Kiparsi. Siku ya kumi na moja asubuhi, akijiandaa kwenda ofisini, kundi la Waparsi wenye fimbo lilipanda ngazi na kumtaka aondoke kabla ya jioni. Rafiki zake wawili mjini, mmoja Mhindu mwingine Mkristo, kila mmoja alipata udhuru wa kutomlaza. Mtaalamu wa uchumi aliyesoma mabara mawili alimaliza mchana wake ameketi katika bustani ya umma akingoja treni ya usiku ya kurudi Bombay.

Baada ya hapo suti ya Ambedkar haiwezi tena kusomwa kama kuiga Uzungu. Wako waliomwona hivyo, na wengine wakamwita mpenda Waingereza. Lakini fikiria Mmahar amesimama jukwaani kifua wazi, na winda kiunoni. Nani angeshangaa? Nani angeona amejinyima? Angekuwa amevaa vile ambavyo jirani zake wa tabaka la juu walitaka avae. Kwa Gandhi kitambaa kile kilikuwa uamuzi. Kwa watu wa Ambedkar kilikuwa amri.

Na amri hizo ziliandikwa. Katika hotuba yake ya 1936 ambayo hakuruhusiwa kuisoma, kwa kuwa waandaaji walitishika na maneno yake, Ambedkar aliyataja masharti ambayo Wahindu wa vijiji vya Indore waliwapa Wabalai, jamii nyingine ya wasioguswa, mwaka 1928: wanaume wasivae vilemba vyenye ukingo wa nyuzi za dhahabu, wasivae dhoti zenye pindo la rangi, wanawake wasivae mapambo ya dhahabu wala fedha. Wabalai waliokataa walifungiwa visima na malisho, na baadhi yao wakahama. Kusini zaidi, katika ufalme wa Travancore, wanawake wa jamii ya Nadar walipambana kwa miongo kadhaa kupata haki ya kufunika vifua vyao mbele ya wakubwa, hadi tangazo la mfalme la mwaka 1859 lilipowaruhusu. Kifua wazi, ambacho Madurai kiligeuka kuwa utakatifu, huko jirani kilikuwa alama ya unyonge inayolindwa kwa viboko.

Msomaji wa Unguja au Lamu ataitambua hali hii bila kwenda India. Kabla ya utumwa kupigwa marufuku Unguja mwaka 1897, mtumwa alijulikana kwa merikani na kaniki, kichwa wazi, miguu mitupu. Kofia na viatu vilikuwa vya waungwana. Minyororo ilipofunguliwa, mojawapo ya mambo ya kwanza ambayo waliokuwa watumwa waliyafanya kwa fedha zao wenyewe lilikuwa kununua nguo. Wanaume wakavaa kanzu na kofia, wanawake wakavaa kanga za rangi, na miaka iliyofuata wakavaa buibui lililokuwa la mabibi wa kiungwana. Waungwana walinung'unika kwamba siku hizi huwezi kumjua nani ni nani. Ndiyo ilikuwa nia yenyewe.

Desemba 1927, katika mji wa Mahad, Ambedkar alifanya jambo hilohilo kwa makusudi. Machi ya mwaka huo alikuwa ameongoza maelfu ya watu kwenda kunywa maji ya bwawa la Chavdar, ambalo kisheria lilikuwa la umma na kiutendaji halikuwa lao. Sasa wamerudi, na tarehe 25 Desemba wakachoma Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria za matabaka. Magazeti yaliushika moto huo. Lililofuata ni dogo kwa macho ya waandishi wa habari, na mimi nalihesabu kuwa kubwa zaidi. Aliwaita wanawake kando, akawaambia waache kuvaa sari kwa namna inayowatambulisha tabaka lao, iliyopandishwa juu ya vifundo, waishushe kama wanavyofanya wanawake wengine, na wapunguze mapambo mazito ya kimaskini yaliyojaa mikononi na shingoni. Usiku ule, wakisaidiwa na wanawake wachache wa tabaka la juu waliounga mkono harakati, walijifunza kuifunga upya. Asubuhi walitokea barabarani sari zimeshuka hadi chini. Kitambaa ni kilekile cha jana.

Hili ndilo lililo karibu zaidi na jibu la ombi la yule mama wa kibandani, ingawa hata hapa hakuna aliyempa sari ya pili.

Gandhi na Ambedkar walikutana mara ya kwanza Bombay, nyumba ya Mani Bhavan, Agosti 1931, na mazungumzo yakaenda vibaya. Ambedkar alimwambia wazi kwamba hana nchi ya kuiita yake, katika ardhi inayomtendea chini ya mbwa. Kinachonivutia ni kumbukumbu iliyowekwa na katibu wa Gandhi, Mahadev Desai, katika shajara yake: Gandhi hakujua kwamba mgeni wake ametoka kwa wasioguswa. Alimdhania ni Brahmini fulani mwenye uchungu na wanyonge, na akaendelea kuamini hivyo mpaka alipofika Uingereza. Umdhaniaye siye kumbe ndiye. Mtu aliyejivua nguo ili afanane na maskini aliketi mbele ya mmoja wao, akaiona suti yake, akamhesabu kuwa bwana, sawasawa na mkuu wa stesheni ya Masur miaka 30 nyuma. Tofauti ni kwamba uso wa Gandhi haukugeuka alipojua. Sifa hiyo nampa, na si ndogo.

Mwaka uliofuata waligongana kweli. Serikali ya Uingereza iliwapa wasioguswa haki ya kuchagua wawakilishi wao peke yao, viti 71 katika mabaraza ya majimbo. Gandhi, akiwa gerezani Yerawada mjini Poona, akaanza tarehe 20 Septemba 1932 kufunga hadi kufa kupinga mgawanyo huo wa Wahindu. Ambedkar alijua Mahatma akifa, vijiji vya Wamahar vitachomwa. Siku nne baadaye akatia saini: kura za pamoja, viti 148 vilivyotengwa. Kwa idadi alipata mara mbili. Kwa nguvu aliamini amenyang'anywa, na hakuwahi kusamehe. Tazama silaha za kila mmoja katika pambano hilo. Mmoja ana mwili wake, anaupunguza siku hadi siku, na taifa zima linahesabu pumzi. Mwingine ana kalamu na vifungu vya sheria. Mapokeo ya kujinyima yalishinda siku ile kwa sababu yana hadhira ya miaka elfu mbili.

Ila kalamu ilibaki. Agosti 1947 Ambedkar alikabidhiwa uenyekiti wa kamati ya kuandika katiba ya India huru, na ibara ya 17 ya katiba iliyopitishwa Novemba 1949 inafuta kutoguswa moja kwa moja na kufanya utekelezaji wake kuwa kosa la jinai. Alijiuzulu uwaziri wa sheria mwaka 1951, muswada wake wa kuwapa wanawake wa Kihindu haki za mirathi na talaka ulipokwamishwa.

Kaskazini-magharibi, kwenye milima ya Wapashtuni, palikuwa na mapokeo ya tatu, na nasikitika kwamba wengi wetu tunayajua kidogo. Abdul Ghaffar Khan wa Utmanzai alikuwa mtoto wa mwenye ardhi, mrefu wa kupita milango, Mwislamu mcha Mungu. Mwaka 1929 aliunda Khudai Khidmatgar, Watumishi wa Mungu, jeshi lisilo na silaha kati ya watu ambao bunduki kwao ilikuwa sehemu ya mavazi. Waliojiunga walikula kiapo cha kutolipa kisasi, na kwa Mpashtuni hicho ni kiapo kizito kuliko cha kufa. Walianza na nguo nyeupe za khadi, zikawa zinachafuka vumbi kila siku, na hawakuwa na za kubadili. Mmoja wao akapeleka zake kwa watengeneza ngozi wa pale kijijini, zikachovywa katika rangi yao ya hudhurungi nyekundu, isiyoonyesha uchafu. Wenzake wakafuata. Waingereza wakawaita Mashati Mekundu na kuanza kuogopa kwamba ni Wabolsheviki.

Hakuna aliyejinyima hapo wala aliyejikweza. Tatizo lilikuwa la kufua, lilelile la Champaran, na walilitatua kwa rangi ya kiwanda cha jirani. Waliovaa walifanana wote, kutoka mwana wa khan hadi mchunga mbuzi. Ghaffar Khan hakuhitaji usanyasi kueleza kutopigana. Alisema jambo hilo si geni, Mtume alilifuata miaka yote ya Makka kwa subira. Tarehe 23 Aprili 1930 askari walifyatulia risasi umati katika soko la Qissa Khwani, Peshawar, na watu wakaanguka. Kikosi kimoja cha askari wa Garhwal kikakataa kufyatua. Kisha India ikagawanywa mwaka 1947, mzee huyo akibaki upande ambao hakuuchagua, akihisi wenzake wa Congress wamemtupa kwa mbwamwitu. Serikali ya Pakistan nayo ikamfunga kwa miaka mingi. Alifariki Januari 1988, akazikwa Jalalabad, Afghanistan, nje ya nchi zote mbili zilizotokana na mgawanyo ule.

Wengine naweza kuwapita haraka. Subhas Chandra Bose alipenda sare za kijeshi tangu mkutano wa Congress wa Calcutta mwaka 1928, muda mrefu kabla ya kupata jeshi lenyewe Singapore mwaka 1943. Sare yake ilitangulia vita. Nehru alivaa koti refu lenye ua la waridi kwenye tundu la kifungo, mavazi ya mtu anayetaka kupendwa na pande zote, na kwa kiasi kikubwa alipendwa.

Ambedkar alibadilisha nguo mara moja ya mwisho mbele ya umma. Oktoba 1956, Nagpur, aliiacha dini ya Kihindu na kuingia Ubuddha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake. Wote waliombwa waje na nyeupe, naye mwenyewe alivaa dhoti ya hariri nyeupe na koti jeupe. Mtu aliyelikwepa vazi la kulazimishwa maisha yake yote alivaa dhoti siku aliyoichagua. Baada ya majuma machache tu akafariki, Desemba 6. Lakini wachonga sanamu hawakuchukua picha ya siku hiyo. Katika vijiji vya India utamkuta na suti ya bluu, tai, kitabu cha katiba kwapani na kidole mbele. Katika jimbo la Tamil Nadu sanamu zake nyingi zimezungushiwa vizimba vya chuma kwa sababu wako wanaokwenda usiku kuzivunja. Sura ya Gandhi iko kwenye noti za India na haimkeri mwenye duka. Suti ile bado inawakera watu.

Ugomvi huu haujafungwa. Januari 2015 waziri mkuu Narendra Modi, mwana wa muuza chai, alimpokea Barack Obama akiwa amevaa suti ya bluu nzito yenye mistari. Kamera zilipoivuta karibu, mistari ilikuwa jina lake limefumwa mara mamia kwa uzi wa rangi ya dhahabu. Mwezi uliofuata ikanadiwa Surat kwa zaidi ya rupia milioni 43, fedha zikaelekezwa kusafisha mto Ganges. Rahul Gandhi, kitukuu wa Nehru, akiwa na kurta yake nyeupe, akaibandika serikali jina la serikali ya suti na buti, na jina likaganda. Sioni kichekesho hapo peke yake. Mtoto wa familia tajiri alikuwa akimsuta mtoto wa muuza chai kwa kuvaa vizuri, na kila mmoja alikuwa ndani ya mapokeo yanayoeleweka: huyu ya kuacha, yule ya kuonekana hatimaye.

Septemba 2022 Rahul alianza kutembea kwa miguu kutoka Kanyakumari hadi Kashmir. Wapinzani wake walimchungulia fulana aliyovaa, wakaitangaza kuwa ya Burberry ya rupia zaidi ya 41,000, na chama chake kikajibu kwa kukumbusha ile suti. Baridi ya kaskazini ilipoingia alibaki na fulana. Januari akaeleza sababu: huko Madhya Pradesh walimjia wasichana watatu maskini, nguo zao zimechanika, wanatetemeka, akaamua hatavaa sweta mpaka naye atetemeke. Magazeti yalijadili kwa siku nyingi kama anasikia baridi au hasikii, na kama amevaa kitu kingine ndani. Wasichana wale tunawajua kwa maelezo yake tu: hawana majina, na sikusoma popote kama walipata sweta.